Gari la turbo linagonga na nguvu zimepungua: pa kuanzia ukiwa Malindi

Gari lenye turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake bila taa hata moja kuwaka kwenye dashibodi. Sensa ya noki (noki ndiko kugonga kwenyewe) imesikia mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda, kompyuta ya injini ikachelewesha cheche ili kuiokoa pistoni, na itaendelea kuichelewesha mpaka sababu iondoke. Wewe dereva unachoona ni gari zito, linalokula mafuta, linaloshindwa kulipita lori pale Matsangoni ilhali zamani lilikuwa likilipita kwa gia hiyohiyo. Kwa hiyo nasema mapema: usimlipe mtu akurudishie nguvu kwa kuiziba masikio kompyuta. Kazi ni kutafuta kilichoifanya irudi nyuma.

Kwa kawaida plagi huwasha mchanganyiko kabla pistoni haijafika juu, na moto husafiri kwa mpangilio kutoka kwenye plagi hadi ukutani mwa silinda. Joto na presha vikizidi, ule mchanganyiko wa pembeni ambao moto haujaufikia hujiwasha wenyewe kwa mkupuo. Silinda hulia kwa mtetemo wa kati ya kilohezi 6 na 7 ikiwa kipenyo chake ni milimita 86 hadi 92, na hiyo ndiyo sauti ambayo sensa iliyofungwa kwenye bloku imewekwa kuisikiliza. Pigo hilo hufagia tabaka jembamba la gesi linalokinga chuma. Joto hupenya, na kuta nyembamba zinazoshika ringi za pistoni huvunjika. Cheche ikicheleweshwa, presha ya kilele hushuka na kugonga hukoma, lakini valvu ya ekzosi hufunguka moto ukiwa bado unaendelea. Joto ambalo lingesukuma pistoni huenda kuunguza turbo. Kwa hiyo hata gari lisilotoa mlio wowote, likiendeshwa hivyo kwa muda mrefu, linaumia.

Kwanza ujue ni mlio gani

Kugonga kwa mwako huja injini ikibebeshwa mzigo: gia ya juu, mizunguko ya chini, mguu mzito. Ni mlio mkavu wa harakaharaka, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la bati, na hukatika papo hapo ukiinua mguu. Fungua madirisha, pita polepole kando ya ukuta mrefu kwa gia ya juu kidogo kuliko inavyostahili, kanyaga kwa sekunde moja tu, na usikilize sauti inayorudi kutoka ukutani.

Mlio mzito wa chini, unaofuata mizunguko hata gari likiwa limesimama, na unaosikika zaidi ukiachia mafuta kidogo, ni beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, shafti kuu ya injini. Hapo zima injini. Gari livutwe hadi gereji, maana kila dakika ya kuliendesha inakula kranki. Mlio wa asubuhi unaokwisha injini ikipata joto mara nyingi ni pistoni inayocheza ndani ya silinda au tapeti, na hauhusiani na cheche.

Hapa pwani kuna mlio mwingine unaowapotosha wengi: bati la kukinga joto la ekzosi. Chumvi hula boliti zake, bati linaning'inia upande mmoja, na injini ikifika mizunguko fulani linatetemeka. Baya zaidi, sensa nayo inaweza kulisikia na kudhani ni noki. Injini ikiwa baridi kabisa, ingia chini ya gari na ulipige bati hilo kwa mpini wa bisibisi, kila pembe. Likilia, lifunge kwa klipu ndefu ya chuma kisichoshika kutu kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Gari lililoshuka kutoka bara

Kila Desemba magari ya turbo humiminika pwani kutoka Nairobi na Nakuru, na yapo ambayo hayajawahi kugonga huko juu lakini hapa yanaanza ndani ya siku chache. Wenyewe hulaumu unyevu wa pwani. Unyevu hauna hatia. Hewa yenye mvuke mwingi kwa kweli hupunguza kidogo tabia ya kugonga. Kinachobadilika ni presha ya hewa.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa huko ni takriban kilopaskali 83. Malindi tuko ufukweni: kilopaskali 101. Maana yake ni kwamba kabla turbo haijaanza kusukuma, silinda tayari inavuta hewa zaidi kwa karibu asilimia 20. Kisha kuna spring'i ya westigeti (mlango unaozuia presha ya turbo isizidi), ambayo hupima presha ya turbo kwa kuilinganisha na hewa ya nje. Spring'i ya nusu bar ikiachiwa peke yake itakupa jumla ya bar 1.33 Nairobi na bar 1.51 hapa, ingawa geji ya dashibodi itaonyesha namba ileile. Kompyuta nyingi za magari ya karibuni hulisahihisha hilo. Ambalo haziwezi kulifanya ni kuziba pengo ikiwa petroli ni dhaifu, intakula (rejeta inayopoza hewa ya turbo) imejaa vumbi la safari na kaskazi inavuma saa nane mchana. Mambo yaliyojificha kwa miaka huko juu hujitokeza yote kwa pamoja.

Kwa hiyo mtu akiniambia "huko Nairobi lilikuwa zima", namwamini. Ila hiyo si dalili kwamba kilichoharibika kimeharibika njiani.

Petroli kabla ya kufungua boneti

"Ulijaza wapi mara ya mwisho, kaka?"

"Tulikuwa tunatoka upande wa Sala, tangi likakauka. Kijana mmoja akatutilia lita kumi kwa mtungi."

Mazungumzo ya namna hii huokoa siku nzima ya kazi, na fundi asiyeuliza swali hilo anaanza kazi akiwa kipofu. Mafuta ya taa yana oktani (kipimo cha uwezo wa kustahimili kugonga) ndogo mno, na kiasi kidogo tu kikichanganywa hushusha oktani ya tangi zima. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Petroli ya mtungi iliyokaa juani wiki kadhaa nayo imepoteza sehemu zake nyepesi, hata kama aliyeiuza hakuichanganya na chochote.

Halafu angalia kibandiko kwenye kifuniko cha tangi. Gari la turbo lililoletwa kutoka Japani kwa kawaida limepangiwa petroli ya premium ya kule, ambayo kwa viwango vyao haipungui oktani 96. Supa yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Kompyuta itajirekebisha, ndiyo, lakini itakuwa imeshatumia akiba yake ya usalama kabla tatizo la pili halijaja.

Jaribio lenyewe ni rahisi: endesha kwa upole mpaka tangi likaribie kuisha, jaza petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata, 95 ikiwezekana, kwenye kituo chenye wateja wengi, kisha rudia vipimo vya hapa chini. Chupa za kuongeza oktani sizipendekezi. "Pointi" zinazotajwa kwenye lebo mara nyingi ni sehemu za kumi, pointi 30 zikiwa oktani 3, na zile zenye manganizi au chuma huacha rangi nyekundu kwenye kauri ya plagi ambayo baadaye inavuruga usomaji wako.

Soma namba, usikisie

Kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya chini ya usukani, kinachozungumza na simu, kinatosha kwa hatua ya kwanza. Fungua taiming ya cheche (digrii ambazo cheche hutangulia pistoni kufika juu), joto la hewa inayoingia, joto la kulanti (maji ya rejeta), presha ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye silinda), na marekebisho ya petroli ya muda mfupi na ya muda mrefu, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Mwenzako ashike simu, wewe shika usukani. Tafuta kipande kirefu cha barabara kisicho na watu wala mifugo, injini ikiwa imepata joto, weka gia ya 2 au ya 3, na kutoka mizunguko 2,500 kanyaga mpaka chini kwa sekunde chache, ndani ya mwendo wa sheria. Pumzisha gari, kisha rudia. Ukisikia mlio wa kokoto, acha papo hapo; huna haja ya ushahidi mwingine.

Umbo la mstari wa taiming ndilo linalosema. Mstari mzima ukipanda vizuri kadiri mizunguko inavyopanda, halafu ukadondoka ghafla digrii 3 au zaidi na kurudi juu polepole, kompyuta imesikia noki pale na inajaribu kurejea. Mdondoko ukitokea kwenye mizunguko ileile kila mara, hata mguu ukiwa mwepesi, shuku mtetemo wa chuma: bati la ekzosi, mkono wa injini, brekti iliyolegea. Mstari ukiwa laini lakini wote uko chini kuliko unavyostahili, basi ama kompyuta imeshajifunza kurudi nyuma kwa jumla, ama sensa imekufa na gari linatumia mpango wa tahadhari, ama taiming yenyewe ya mkanda au cheni inayoendesha valvu imesogea.

Subaru nyingi za turbo zina namba ya ziada inayoonekana kwa programu zinazozijua kompyuta zao: kipimo cha kujifunza kinachokuwa 1 kikiwa kamili, au 16 kwenye baadhi ya kompyuta. Kikishuka, kompyuta haiuamini mwako wake tena. Namba hiyo naithamini kuliko kodi yoyote ya hitilafu (alama kama P0234 ambayo kompyuta huandika ikigundua kasoro), kwa sababu hushuka mapema kabla taa haijawaka.

Joto, presha na chumvi

Turbo inayosukuma bar 1 juu ya hewa ya kawaida huichukua hewa ya nyuzi 30 na kuitoa ikiwa na joto la karibu nyuzi 120. Intakula ndiyo inayoirudisha chini. Ikiwa mapezi yake yamelala, yamejaa wadudu na mchanga, au ufito wa mpira unaoibana na boneti umeng'oka ili hewa ipite pembeni, umepoteza sehemu kubwa ya kinga yako. Osha kwa maji yenye msukumo mdogo, kutoka ndani kwenda nje, na unyooshe mapezi kwa uvumilivu.

Angalizo kwa wenye Subaru za injini ya EJ: kwenye nyingi ya hizo sensa ya joto la hewa imekaa pamoja na sensa ya hewa (inayopima kiasi cha hewa inayoingia), kabla ya turbo. Ikikuambia nyuzi 38, hiyo ni hewa isiyopashwa bado. Kilichoingia kwenye silinda hukijui. Na kwa kuwa intakula yao iko juu ya injini, kusimama kwa dakika chache kwenye jua na kuondoka kwa kishindo ndiyo njia ya uhakika ya kuifanya igonge.

Sasa westigeti. Kijiti chake kiko wazi chini ya gari au nyuma ya injini, na kwa magari yanayokaa karibu na maji, au yanayokwenda mara kwa mara upande wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, hushika kutu kwenye kiungo. Kikigoma kufunguka, presha ya turbo hupanda kupita kiasi, na kodi P0234 inaweza kutokea. Matokeo hayohayo hutokea kamrija kembamba kanachopeleka presha kwenye kibofu cha westigeti kakichomoka au kupasuka. Pampu ya mkono yenye geji itakuonyesha kijiti kinaanza kusogea kwenye presha gani. Kinapaswa kusogea bila kukwama na kurudi bila kusukumwa. Kijiti kisipinde wala kisifupishwe ili "kuongeza nguvu". Nimeona bloku zikitobolewa kwa hila hiyo.

Rejeta nayo isisahaulike. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi hula aluminiamu na kuziba njia. Weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Injini inayokaa nyuzi 105 badala ya 90 itagonga hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Mchanganyiko ukiwa mwembamba

Petroli ikipungua ukilinganisha na hewa, joto la mwako hupanda. Marekebisho ya muda mrefu yakizidi asilimia 10 upande wa kuongeza, au kodi P0171 ikiwepo, tafuta hewa inayoingia bila kupimwa. Hapa watu huchanganya mambo. Mpira uliopasuka kati ya sensa ya hewa na turbo unavuta hewa isiyohesabiwa, na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Mpira uliopasuka baada ya turbo, kwa gari lenye sensa ya hewa, unamwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, na mchanganyiko unakuwa mzito wenye moshi mweusi. Dalili mbili kinyume kabisa, zote zikiitwa "mpira umepasuka".

Kama wakati wa kutembea kawaida marekebisho ni mazuri lakini mzigo ukija gari linagonga, shuku pampu ya petroli, chujio lake au nozeli (zinazonyunyiza petroli) zilizoziba. Presha ya petroli ipimwe mguu ukiwa chini, kwa kuwa pampu iliyochoka hupita vizuri kabisa mtihani wa gari lililosimama. Sensa ya hewa isafishwe kwa spreyi yake maalumu. Ya kusafishia kabureta itaiua.

Plagi zina kumbukumbu

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda zake juu ya kitambaa cheupe. Tumia lenzi na mwanga wa jua. Kauri ya kahawia hafifu au kijivu, kavu, ni njema. Ukiona vidoa vidogo sana vyeusi au vya fedha vinavyong'aa vimetapakaa kwenye kauri, hizo ni chembe zilizotoka kwenye mwako unaogonga. Za fedha ni aluminiamu ya pistoni yako. Ukiziona kwenye silinda moja tu, sababu haiko kwenye tangi. Iko kwenye silinda hiyo: nozeli yake, kaboni yake, au oili inayoingia. Oili hushusha oktani sana, kwa hiyo fungua bomba la intakula na uone kama kuna dimbwi ndani. Unyevunyevu mdogo wa oili ni kawaida, kimiminika si kawaida.

Soma pia namba ya joto ya plagi. Kwa NGK na Denso namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume chake. Muuzaji akikupa "inayofanana" kutoka kampuni nyingine bila kujua hilo, anaweza kukuuzia plagi ya moto inayogeuka kuwa kaa ndani ya silinda.

Sensa yenyewe

Ikiwa kodi P0325 au P0327, za sensa ya noki, imeandikwa, angalia soketi kwanza. Fungua na uone kama pini zimeota ukijani. Kisha angalia kama plastiki ya sensa imepasuka, jambo la kawaida kwenye EJ za umri mkubwa. Sensa hizi nyingi hufungwa kwa takriban Nm 20, kitabu cha gari kitatoa namba kamili, na uso wa bloku chini yake lazima uwe chuma kitupu bila kutu, rangi wala washa (pete ya boliti). Ikikazwa mno au kulegea inasikia vibaya. Wapo wanaoikata na kuweka rezista ili kompyuta itulie. Huko ni kumwondoa mlinzi usiku ili usisikie mbwa wakibweka, na gharama yake ni injini.

Mkanda au cheni ikisogea, nguvu hupungua kwenye mizunguko yote, mara nyingi ikiambatana na kodi P0016. EJ ina mkanda, 1.4 TSI za zamani za Volkswagen zina cheni inayojulikana kwa kurefuka, na mlio wake wa kukwaruza sekunde za mwanzo baada ya kuwasha asubuhi usipuuzwe.

Injini ndogo za turbo zenye nozeli ndani ya silinda zina hatari yao pia: kwa mizunguko ya chini na mzigo mkubwa, tone la oili linaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche, pigo moja zito linalotosha kuvunja pistoni. Hapo kuchelewesha cheche hakusaidii kitu. Tumia oili yenye alama ya API SP, iliyoanza mwaka 2020, na ushushe gia badala ya kuikamua injini.

Ukishatengeneza

Futa kumbukumbu ya kompyuta, jaza petroli nzuri, na uendeshe kwa mguu mwepesi kwa siku kadhaa ili ijifunze upya. Kisha rudia kipimo kilekile kwenye kipande kilekile cha barabara, saa ileile ya mchana, maana kipimo cha alfajiri hakilinganishwi na cha saa nane. Mstari wa taiming ukipanda bila kudondoka, kazi imekwisha. Ukianza kudondoka tena kabla tangi hilo zuri halijafika nusu, acha kuilaumu petroli na urudi kwenye kijiti cha westigeti na plagi.